Malidadi Iliyooshwa na Mvua

Mwanangu Odia, mlango wako sitaugonga tena. Nimeugonga tangu jana, na mkono wangu si nyundo. Nimeleta kiti changu kidogo, nimeleta na chai yangu, nimekaa hapa kwenye korido. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kununa, nuna. Mimi nitasema tu, na wewe utasikia hata kama umejifunika mto kichwani, maana nakujua. Watu wanakuita mjukuu wangu kwa sababu umezaliwa na binti yangu, lakini nimekulea tangu hujaota meno, na mpaka niingie kaburini nitakuita mwanangu.

Mchumba wako Serge amepiga simu kwangu asubuhi hii. Kwanza nilimwambia umelala. Akapiga tena, nikamwambia unaoga. Alipopiga tena uongo ukaniishia, nikamwambia ukweli: umejifungia, na unasema Jumamosi kanisani huendi. Maskini kijana wa watu. Akasema kwa sauti ndogo, kama anayesema na bibi yake, "Nkambo, sasa mi nifanye nini?" Nikamjibu asubiri mpaka jioni. Watu wao wa Musumba wako njiani tayari, na unajua barabara ya kule ilivyo mbaya. Wetu wa Fungurume wanangoja neno lako ndipo wapande gari. Sasa umeelewa kwa nini nimeleta kiti.

Najua kilichokuuma. Siku ya mahari nilikuwepo, nimekaa mstari wa mbele, nimefunga kikwembe, kitenge changu kipya. Ulipakwa makiyaje, poda na wanja, kule saluni ya karibu na soko, ile yenye kibao kimeandikwa "Malidadi" kwa rangi ya dhahabu. Ulipoingia hata mimi sikukutambua, nikamuuliza jirani, huyu ni nani? Halafu upepo ukaja, turubai likainuka, mvua ikakumwagikia wewe peke yako utadhani ilikuwa imetumwa. Nyusi zikashuka mashavuni. Poda ikachora mifereji mpaka kwenye gauni, na mpaka kwenye kile kitambaa cheupe ambacho mama mkwe wako alikuwa ndiyo kwanza amekufunga mabegani. Watu wakacheka. Mama mkwe wako naye alicheka, aliziba mdomo lakini mabega yalimsaliti. Na msichana mmoja asiye na adabu akakupiga picha, akaitia kwenye simu na maneno haya: "Malidadi imekimbia." Basi. Kolwezi nzima imeona.

Sitakuambia kwamba si kitu. Ni kitu. Nililia nilipoiona ile picha, nikamtukana yule msichana jikoni peke yangu mpaka nikasikia aibu mbele ya sufuria. Lakini nataka nikusimulie habari ya ukuta, na ya hilo neno walilokuchekea. Hujawahi kuisikia. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi si mtu wa kujisemea bila kuulizwa. Usicheke huko ndani, nimekusikia.

Naiona kama jana asubuhi ile ya mwisho wa kiangazi, vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye kope, na mimi natembea kwenda kwa mama mkwe wangu mtarajiwa nikiwa nimevaa viatu vya soli nene ambavyo havikuwa vya kutembelea. Nilikuwa na umri kama wako. Kazadi, nkambo wako mwanaume, alikuwa ameshapeleka mahari kwetu, na arusi ilikuwa imebaki siku chache. Sisi tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, baba yangu akiwa mtu wa mashine. Nyumba zetu zilikuwa za matofali ya kuchoma, na kuta zilipakwa chokaa na watu wa kampuni. Sikuwahi kushika udongo maishani mwangu. Wazazi wa Kazadi walikaa nje ya kambi, mtaa wa nyumba za udongo, na wanawake wa mtaa ule walikuwa na desturi yao.

Desturi yenyewe ni hii. Bibi arusi, kabla ya arusi, anakwenda kukaa kwa mama mkwe kwa siku kadhaa, na kazi yake ni moja tu: kuukandika upya ukuta wa jiko, ule unaoangalia uani, na kuuchora kwa udongo wa rangi. Nyekundu ya kichuguu, nyeupe ya pemba kutoka mtoni, nyeusi ya masizi. Akimaliza, wanawake wazima wa mtaa wanakuja, wanatazama, wanakula, wanarudi kwao. Hakuna anayekuambia umefaulu au umeshindwa. Lakini wewe utajua, na mama mkwe atajua, na mtaa utakuwa na cha kuongea mpaka Noeli. Wenyewe waliiita kazi hiyo kuweka malidadi.

Hapo ndipo nilipokutana na neno lako. Wenzetu wa mashariki wanasema maridadi. Ulimi wetu wa huku umelifanya malidadi. Bibi yake Kazadi, Nkambo Meta, kizee kifupi cha ugoro kilichokuwa bado kinapanda ngazi za ghala, alilitumia neno hilo kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia. Uwanja uliofagiliwa vizuri ulikuwa malidadi. Mstari wa karanga ulionyooka shambani, malidadi. Sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa mpaka ikalainika, mtoto aliyeogeshwa, akapakwa mafuta, akalala. Alikuwa anasema, "Angalia malidadi," kisha anatazama, uso wake umelegea kwa raha, halafu anaendelea na kazi yake. Kwake uzuri wa kitu na raha ya moyo vilikuwa jambo moja, na havikuhitaji mtu wa tatu kuja kushuhudia.

Kwa mama yangu kambini, malidadi ilikuwa Jumapili, siku ya Mungu: shati la baba limepigwa pasi ya makaa, soksi zetu nyeupe, na majirani wanatuangalia tukipita. Kwa rafiki za baba, malidadi alikuwa mwanaume anayenunua viatu huku watoto wake wanakula bukari, ugali mkavu bila mboga. Na sisi wasichana tulipokua, malidadi ikawa ni kutazamwa tu. Kucha nyekundu, kisigino, kiuno. Tulilipenda neno, na baba zetu wakaanza kulitema: "Sitaki malidadi mu nyumba yangu!" Leo limepanda kwenye kibao cha saluni, na juzi limetumika kukuchekea. Neno lile lile, mwanangu. Limepita mikono mingi, na kila mkono umelitia doa lake.

Basi mimi nilifika kwa mama mkwe na malidadi ya kambini kichwani. Nikauangalia ule ukuta, nikaangalia kuta za majirani. Zote nyekundu, nyeupe, nyeusi. Nikasema moyoni, yaani mimi Ngalula niweke rangi ambazo kila mtu anazo? Kaka yangu mkubwa alikuwa akichonga lile jiwe la kijani, malakiti, anatengeneza vikopo na visahani vya kuuzia wageni. Unga wa kijani ulikuwa unamwagika chini ya meza yake kila siku. Nikamtuma mtu, kaka akaniletea gunia dogo la unga ule. Kijani chake, mwanangu, hata majani ya kwanza ya masika hayakifikii. Na mtaa mzima hakuna aliyekuwa nacho ukutani.

Sasa nitafanyaje ili mtu asiniibie wazo? Nikatundika vikwembe viwili mbele ya ukuta kama pazia, nikafanya kazi kwa ndani. Sikukandika udongo mpya, nilipaka haraka haraka juu ya ule wa zamani, nikachanganya unga na maji matupu, nikachora maua, nikachora ndege, nikachora na jina langu. Kila mtu akipita nilinyamaza ili asijue nimefika wapi. Nkambo Meta alikuja akakaa upande wa pili wa pazia, akanusa ugoro wake, akapiga chafya.

"Musichana," akasema, "mbona hauimbe?"

"Niko na kazi, Nkambo."

"Siye wote tulikuwaka na kazi, na tulikuwa tunaimba," akasema, kisha akaondoka zake.

Nilimwona mzee asiyejua mambo. Nilipoondoa pazia, oho! Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Wanaume waliokuwa na baiskeli walishuka. Mama mkwe wangu, mama Mbombo, mwanamke mkali asiyesifu kitu, alisimama mikono kiunoni akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Ah, hii!" Alifurahi kiasi kwamba akaagiza mihogo yote ya arusi, iliyokuwa imeshavundikwa na kukatwakatwa, ianikwe kwenye mikeka chini ya ukuta ule ule, ili kila anayekuja kuona ukuta aone na wingi wa chakula chao. Kwa hiyo usiseme ni mimi peke yangu niliyetaka kuonekana. Mimi nilitaka sifa ya rangi, yeye akataka sifa ya mihogo.

Mchana wa siku ile mvua ya kwanza ya mwaka ikaja kabla ya wakati wake. Unaijua mvua yetu ya kwanza, inatanguliza upepo unaofungua mabati. Ilipiga ukuta kutoka ubavuni. Ndani ya muda mfupi ndege wangu walianza kutiririka, maua yakafuata, na jina langu likashuka herufi moja moja mpaka kwenye mihogo. Tulipotoka kuiokoa mikeka tulikuwa tumeshachelewa. Mihogo yote imekuwa ya kijani. Na hakuna mtu wa Kolwezi asiyejua kwamba vumbi la jiwe lile si la kuingia tumboni mwa watu. Ukuta wa jiko, mwanangu! Mahali pa chakula! Mtu wa sehemu nyingine asingeweza hata kuwaza kosa kama hilo, asingepata hilo jiwe.

Mihogo ikamwagwa kwenye shimo, ikafukiwa ili kuku wasiiguse. Mama Mbombo hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alibeba beseni tupu, akapita mbele yangu na kuingia ndani. Kwenye uzio mwanamke mmoja akapaza sauti, "Malidadi ya mugodi hiyo!" na kicheko kikatoka nyumba hadi nyumba, kikazunguka mtaa kikarudi.

Asubuhi nikafunga nguo zangu kwenye kikwembe. Kazadi nilimpenda, sikufichi, alikuwa na meno mazuri na hakujua kugombana. Lakini nilisema, mimi siwezi kuishi mbele ya macho haya. Nitarudi kwetu kambini, nitawaambia arusi imekufa, kisha nitapanda treni niende Lubudi kwa shangazi, nilime karanga mpaka wanisahau. Nilikuwa nimeshapanga maisha yangu yote kabla ya chai. Wewe umejifungia chumbani, mimi nilipanga kujifungia Lubudi. Tofauti yetu ni nauli tu.

Kwenye mlango wa lupango, ule wa kutokea uani, nikamkuta Nkambo Meta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, amenizibia njia. Kinu chenyewe kilikuwa kizito, na sijui alikisukuma saa ngapi.

"Unaenda wapi na ule muzigo?"

"Naenda kwetu, Nkambo, kisha napanda treni ya Lubudi."

"Juu ya nini?"

"Nasikia haya. Kila mutu ameona."

"Ameona nini?"

Nikaonyesha ukuta kwa kidole. Ulikuwa mchafu, una michirizi mpaka chini, na mahali pa jina langu palibaki herufi moja iliyopinda.

Akauangalia. Halafu akanigeukia, na hapo ndipo aliponigombeza. Hakupandisha sauti, lakini sikuwahi kugombezwa hivyo tena.

"Mi naukandika ule ukuta tangu niliolewa," akasema. "Kila mwaka. Unafikiri mvua haijuake njia ya kwangu? Kila mwaka inakuja, inaosha yote. Banakuambia malidadi yangu ilibakia? Hakuna hata moja iliyobakia! Na sikupandaka treni hata siku moja."

Nikasema, "Lakini yako haikuharibu chakula ya batu."

"Hapo umesema kweli. Ile ya mihogo ni kosa, na kosa iko na dawa yake: utaenda kupiga magoti kwa mama yako mukwe, utaomba musamaha, na tutatafuta mihogo ingine. Lakini haya yako si ya mihogo. Haya yako ni ya kicheko." Akanusa ugoro. "Niambie. Wakati ulikuwa unapaka, ulisikia raha?"

Nikafikiri, mwanangu. Nilifikiri kweli. Nilikumbuka shingo yangu ikigeuka kila nikisikia hatua za mtu. Nilikumbuka nikiwaza watasema nini. Lakini raha ya mikono yangu ndani ya rangi sikuikumbuka hata kidogo.

"Hapana," nikasema.

"Njo ile! Ulikuwa unapaka macho ya batu. Sasa macho ya batu yamegeuka, umebakia bila kitu. Malidadi inaanziaka mu mikono yako, mutoto. Kwanza wewe mwenyewe usikie butamu yake. Kisha mutu wa nyumba. Kisha, kama Mungu anapenda, mupita njia. Wewe umeanzia barabarani." Akainuka kwa shida, akishika mgongo. "Weka muzigo chini. Mi siwezi kubeba udongo peke yangu."

Nikaweka mzigo chini. Hata leo sijui ingekuwaje kama kile kinu kingekuwa chepesi.

Kwanza nilikwenda kupiga magoti. Mama Mbombo alikuwa anachambua maharagwe. Nikaomba msamaha kwa ajili ya mihogo, akasema "Nimesikia," akaendelea kuchambua. Hakuniangalia. Nikatoka, nikamfuata Nkambo Meta mpaka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya mtaa, tukachimba udongo mwekundu. Kazadi alituletea maji bila kuulizwa, na wenzake walimcheka kwamba ameolewa yeye. Tulikanyaga udongo kwa miguu mpaka ukalainika. Ulikuwa baridi chini ya miguu, unapita katikati ya vidole, na nakuambia ukweli, nilicheka peke yangu. Viatu vyangu vya soli nene vilibaki juu ya kinu, na hakuna aliyeviuliza.

Nkambo Meta akaanza kuimba, sauti imepasuka, wimbo hauna mwisho. Mimi nikaitikia, kwanza kwa aibu, kisha kwa sauti. Hakukuwa na pazia. Watu walipita, wengine walicheka, na kila aliyecheka Nkambo alimwamkia kwa jina na kumuuliza habari ya watoto wake. Kicheko kinachoka haraka ukikiamkia vizuri. Jirani mmoja akaleta beseni la mihogo mikavu, akaliweka mlangoni bila maneno. Baadaye akaja mwingine. Na yule aliyepaza sauti kwenye uzio, yeye alileta beseni kubwa kuliko wote, labda alilala vibaya.

Mchana, wakati ninalainisha ukuta kwa kiganja, nikasikia mtu nyuma yangu. Sikugeuka. Mama Mbombo alikuwa amesimama hapo, amefunga kikwembe cha kazi. Akainama, akachota udongo, akapeleka mkono wake juu ya kichwa changu, mahali ambapo urefu wangu haukufika.

"Huku juu umesahau," akasema.

Basi. Ukiacha lile "Nimesikia", hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu mvua. Akapaka huko juu, mimi nikapaka chini, na Nkambo Meta akaimba katikati yetu. Kabla ya jua kushuka ukuta ulikuwa mwekundu na mistari myeupe, kama kuta za wengine wote, hauna ndege, hauna jina. Nkambo akajikokota mpaka kwenye kinu chake, akakaa, akaangalia. "Angalia malidadi," akasema. Nikaangalia. Na safari hii nilikiona alichokuwa anakiona.

Mvua ilirudi kabla ya arusi, ikaosha kona nzima ya kushoto. Watu wakaona. Wengine wakacheka, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Baada ya hapo, kila kiangazi, mimi na mama Mbombo tuliukandika ule ukuta pamoja, hata miaka ambayo hatukuelewana. Na ilikuwepo miaka hiyo, usidhani. Tuligombana juu ya chumvi, juu ya kunyonyesha, juu ya mtoto wake ambaye kwake hakukosea hata siku moja. Lakini mikono miwili ikiwa kwenye beseni moja la udongo, ugomvi unakosa mahali pa kukaa. Alifia mikononi mwangu. Binti zake wa kuzaa walikuwepo, lakini aliita jina langu.

Leo ukienda mtaa ule hutaukuta ule ukuta. Jiko lilijengwa kwa sementi, kisha nyumba ikauzwa, kisha wenye nyumba wapya wakachimba shimo sebuleni kutafuta lile jiwe jeusi la kobalti. Siku hizi ukimwuliza kijana jiwe zuri ni lipi, hakuonyeshi tena la kijani. Anakuonyesha jeusi, maana ndilo linalonunuliwa. Sijui kesho watasema zuri ni lipi. Watu wanahamisha neno hilo kama wanavyohamisha kitanda ndani ya nyumba, kila mmoja anaona mahali pake ndipo panapofaa.

Kwa hiyo nisikilize vizuri sasa, mwanangu, chai yangu imepoa na mgongo unauma.

Sikukatazi makiyaje. Mimi nilipaka kucha nyekundu mpaka nikazaa mara tatu, na nkambo wako hakulalamika. Jumamosi paka rangi ya mdomo unayoitaka. Lakini paka ile inayokufurahisha wewe ukiwa peke yako mbele ya kioo kabla hujamwonyesha mtu. Hiyo mvua haiwezi kukunyang'anya. Ikitoka utacheka, utapaka nyingine.

Usikimbie kicheko. Ukikimbia leo utakikuta kanisani, utakikuta sokoni, kitakungojea na Lubudi. Kiamkie. Yule msichana wa picha, siku ukikutana naye, muulize habari ya mama yake kwa jina, uone atapeleka wapi macho.

Na mama mkwe wako alicheka, ndiyo. Lakini kitambaa kile cheupe kilichochafuka alikishona mwenyewe, hukujua? Alikuwa anacheka huku anaangalia kazi ya mikono yake inavyoharibika. Usimngoje akuombe radhi, na wewe usimfuate na hotuba. Mpigie simu mwambie hivi: mama, nywele zangu bado hazijasukwa, naomba Ijumaa uje unisuke wewe. Usiongeze neno. Atakuja. Atakuvuta nywele mpaka machozi yakutoke, atalalamika kwamba una nywele ngumu, na mkimaliza mtakuwa watu wa nyumba moja. Mikono inajua kusamehe kabla ya mdomo.

Na Serge. Yeye siku ile hakucheka. Nilikuwa namwangalia yeye, mimi sikuangalia mvua. Alivua koti lake akakukimbilia, na wewe ulikuwa umeshakimbia. Kijana alibaki amesimama kwenye mvua na koti mkononi. Hilo nalo lilikuwa malidadi, kwa lile neno la Nkambo Meta, na hakuna aliyelipiga picha.

Mimi nimemaliza. Sina lingine.

Ah. Ufunguo huo nimeusikia.

Njoo hapa kwenye mwanga nikuone. Umenawa uso, vizuri. Macho yamevimba lakini yatashuka, tutaweka kitambaa cha maji baridi. Subiri, usiondoke. Inama, mimi si mrefu.

Huku juu umesahau. Kwenye nyusi, kuna weusi bado. Tulia nikufute na pindo la kikwembe.

Mungu akupe nyumba ambayo utapenda kuifagia. Akupe mume ambaye mvua haimfukuzi, na mama mkwe wa kukufikia kule ambako mkono wako haufiki. Akupe watoto wenye kelele, na mikono isiyochoka kuanza upya kila kiangazi. Na raha yako ianzie ndani, mwanangu, iwafikie wengine ikiwa bado imebaki.

Simu hiyo, inalia tena. Ni yeye. Pokea wewe. Mimi uongo umeniishia.